Anzeni na SPAN 1411: Wito kwa Vijana Wetu wa Texas

Ndugu zangu mnaoishi Houston, Dallas, Fort Worth, Abilene, San Antonio na Amarillo. Nyinyi mliopitia Nyarugusu, Kakuma au Nakivale, nyinyi mliotoka Bukavu, Uvira na Bujumbura, nanyi mliokuja kwa njia nyingine kutoka Mombasa na Dar es Salaam: nina ombi. Kijana wenu anapojiandikisha katika chuo cha jamii kilicho karibu na nyumbani, asikipite Kihispania. Akianze muhula wa kwanza, akifuate bila kukatisha, na akimalize kabla hajahamia chuo kikuu.

Mzazi atauliza, na ana haki ya kuuliza: mwanangu bado anahangaika na Kiingereza, kwa nini umtwike lugha nyingine? Namwomba mzazi huyo akumbuke kazini kwake wiki iliyopita. Ghalani, jikoni hotelini, kwenye usafi wa maofisi usiku, katika viwanda vya nyama vya huko Panhandle, karatasi ya zamu imeandikwa kwa Kiingereza, lakini watu wanaosimama nawe bega kwa bega wanasemezana Kihispania tangu kuingia hadi kutoka. Kwa hesabu ya sensa ya 2020, karibu watu 4 katika kila 10 wa Texas ni wenye asili ya Kilatino. Marekani nzima, watu zaidi ya milioni 40 huzungumza Kihispania nyumbani kwao. Hii si lugha ya kigeni hapa. Ilizungumzwa Texas kabla Texas haijawa sehemu ya Marekani.

Dada zetu wengi wanafanya kazi katika nyumba za wazee, nao wanaijua hali hii vizuri kuliko mimi. Bibi mwenye miaka themanini na kitu, aliyeishi Texas tangu ujana na kuzungumza Kiingereza maisha yake yote ya kazi, akishikwa na ugonjwa wa kusahau hurudi kwenye lugha aliyonyonya. Saa nane za usiku anaita, na mhudumu aliye zamu haelewi. Sasa mtazame mhudumu aliyepita darasa moja tu la Kihispania. Anainama, anamgusa bega taratibu, anauliza: ¿Le duele aquí? Panauma hapa? Bibi anatikisa kichwa. ¿Tiene sed? Una kiu? Bibi anaitikia, anapewa maji, analala. Mtu aliyewahi kufika hospitalini bila mkalimani, akaonyesha tumbo kwa kidole kama bubu, hahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo mawili.

Basi kwa nini chuo cha jamii, na si kusubiri mpaka chuo kikuu?

Kwanza niseme wazi jambo linaloniuma. Wapo miongoni mwetu wanaoviona vyuo vya jamii kuwa vya watu walioshindwa. Kijana akisema anasoma huko, wajomba hukaa kimya, kisha humsifu binamu yake aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja na ambaye sasa ana deni. Huko ni kuwavunja moyo watoto bure. Vyuo hivi vilianza na kile cha Joliet, Illinois, mwaka 1901, na cha Houston kilifungua milango mwaka 1971, kwa ajili ya watu kama sisi hasa: wanaofanya kazi, wanaolea, wanaoanza upya wakiwa na umri. Ada yake kwa mkazi wa eneo ni sehemu ndogo ya ada ya chuo kikuu. Madarasa ni madogo, yapo ya jioni, na mwalimu anakujua kwa jina. Kwa somo la lugha, hilo la mwisho lina thamani kuliko yote, kwa sababu lugha haifundishwi na mwalimu asiyekusikia ukisema.

Halafu kuna jambo la namba, nami naomba msiliruke, maana ndilo linalookoa fedha. Texas ina mfumo wa namba za masomo unaofanana katika vyuo vyake vya jamii na kutambuliwa na vyuo vikuu. Somo la kwanza la Kihispania huitwa SPAN 1411. Tarakimu ya kwanza, 1, inaonyesha kuwa ni somo la mwaka wa kwanza. Ya pili, 4, ni idadi ya krediti. Mbili za mwisho, 11, zinaonyesha nafasi yake katika mfululizo. Baada yake huja SPAN 1412, yenye krediti 4 pia, kisha za mwaka wa pili: SPAN 2311 na SPAN 2312, kila moja krediti 3. Jumla ni krediti 14 kwa mihula minne. Mama ambaye hakupata kusoma zaidi ya darasa la sita anaweza kuisoma namba hiyo kwenye ratiba ya mwanawe na kujua kama yuko njiani au amepotea. Namwomba aisome.

Kwa nini mpaka 2312, na si kuonja kidogo tu? Kwa sababu shahada nyingi za kwanza za sanaa katika vyuo vikuu zinadai lugha ya pili hadi ngazi ya kati, na ngazi hiyo ndiyo 2312. Anayehamia na 1411 peke yake atatakiwa kuzilipia zile tatu zilizobaki kwa bei ya chuo kikuu, katika miaka ambayo angepaswa kuwa ndani ya fani yake. Na anayehamia bila yoyote huanza alfabeti akiwa mwaka wa tatu. Nimekaa mezani na vijana waliofika hapo, wenye bidii zote, wakihesabu muhula ulioongezeka ambao hakuna aliyewaonya kuuhusu.

Hasara ya kuhama bila mpango si ya vijana wetu peke yao. Mwaka 2017 Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilitoa ripoti iliyokadiria kwamba wanafunzi waliohama kutoka chuo kimoja hadi kingine walipoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti zao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wanaofuatilia vyuo vya jamii waliandika mwaka 2024 kwamba karibu thuluthi moja tu ya wanaoanza huko ndio wanaohamia chuo kikuu, na ni asilimia 16 wanaopata shahada ya kwanza ndani ya miaka 6. Sitaji hesabu hizi ili kutisha mtu. Nazitaja kwa kuwa sehemu kubwa ya upotevu huo hutokana na kuchukua somo lisilotakiwa, au kuliacha linalotakiwa, na hilo linazuilika kwa kukaa na mshauri wa masomo nusu saa mapema. Vyuo vikuu vya umma vya Texas havilazimiki kupokea zaidi ya krediti 66 za ngazi ya chini, kwa hiyo kila nafasi ina thamani. Kuna vyuo ambako 2311 au 2312 huhesabiwa pia ndani ya zile krediti 42 za msingi ambazo kila mwanafunzi wa jimbo hili huzimaliza. Somo moja hapo linajaza nafasi mbili.

Na msione haya kumsumbua mshauri. Tangu sheria ya mwaka 2023 ilipobadilisha jinsi jimbo linavyogawia vyuo vya jamii fedha, chuo hupata fungu lake pale mwanafunzi anapohamia chuo kikuu cha umma akiwa amekamilisha angalau krediti 15. Kuhama kwako kwa mafanikio ni faida yao pia. Kihispania peke yake kinakupa 14.

Sasa nije kwenye jambo linalonifurahisha kuliko yote katika habari hii: sisi tunaanza mbele. Vijana wetu hawaambiwi hivyo. Wameambiwa kwa miaka kwamba lugha ni udhaifu wao, wametengwa kwenye vyumba vya Kiingereza cha wageni, wamecheka kwa aibu walipotamka neno vibaya. Wakiingia darasa la Kihispania, kwa mara ya kwanza hawako nyuma. Irabu ni zetu zilezile tano, na hazibadiliki. Ile sauti ya ñ inayowasumbua wenzao ni ny ya nyanya. Mkazo wa maneno mengi unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, palepale tunapouweka sisi. Kivumishi hufuata nomino na kukubaliana nayo: nyumba nyeupe, casa blanca. Mtu aliyekua na ngeli zote za Kiswahili hatashindwa na jinsia mbili.

Lakini ngojeni mfike 2311, mahali wanafunzi wengi wa Kiingereza wanapokwama. Hapo mwalimu anaingiza hali ya kutaka na kutamani, ambapo kitenzi hubadilika mwisho wake. Quiero que venga. Mwanafunzi aliyelelewa kwa Kiingereza hukuna kichwa, kwa sababu lugha yake karibu imeipoteza hali hiyo. Wewe umeitumia tangu asubuhi: nataka aje. Mwambie asome. Twende. Viambishi ni tofauti, lakini wazo ulishazaliwa nalo, na kazi iliyobaki ni kuzoea mwisho mpya. Kijana akigundua hilo, mabega yake yananyanyuka, na nimeona bidii hiyo ikimwagikia hata kwenye hesabu.

Waliosoma shule za Kongo wana akiba nyingine, yaani Kifaransa. Kwao nusu ya msamiati wa kitabu tayari una sura ya kufahamika. Hapa kuna ushauri unaozunguka miongoni mwetu, kwamba mwenye Kifaransa afanye mtihani wa CLEP, apate krediti za lugha, aachane na habari za darasa. Mtihani huo upo kweli, kwa Kifaransa, Kijerumani na Kihispania, na mwenye uhitaji wa krediti asiudharau. Aulize kwanza chuo anachokusudia kuhamia kinapokea alama gani. Ila kuwa na krediti za Kifaransa hakutakusaidia kumsikia mzazi wa mwanafunzi wako huko Pasadena ya Texas. Ukiweza, fanya mtihani na ukae darasani pia.

Sitawaficha magumu. Siku ya kwanza ya 1411 utakuta vijana waliokulia kwenye nyumba za Kihispania, wamekuja kuchukua alama ya bure, wanajibu kabla mwalimu hajamaliza swali. Usikate tamaa kwa ajili yao. Kwa kweli hao wametengewa masomo yao, SPAN 2313 na 2315, yanayowafundisha kuandika na kusoma lugha wanayoizungumza. Na mwalimu mwema huwaelekeza huko wiki ya kwanza. Mmoja wao akibaki, kaa karibu naye. Mwombe akusahihishe matamshi, nawe umsaidie na kanuni za sarufi ambazo hajawahi kuzitazama. Urafiki wa namna hiyo unazidi programu yoyote ya simu.

Gumu lingine ni pengo. Anayemaliza 1412 mwezi wa tano akasema atapumzika mwaka mzima ili afanye kazi, atakaporudi 2311 atakuta vitenzi vimeondoka vyote. Lugha changa haivumilii kuachwa. Ikibidi upunguze masomo, punguza mengine, Kihispania kiendelee. Na kuacha somo katikati kuna gharama isiyoonekana: sheria ya Texas ya mwaka 2007 inamruhusu mwanafunzi wa vyuo vya umma kuacha masomo 6 tu katika maisha yake yote ya shahada ya kwanza. Anayejiondoa kabla ya siku rasmi ya kuhesabu wanafunzi, ambayo katika muhula mrefu ni siku ya 12 ya masomo, hahesabiwi. Kwa hiyo pima hali yako mapema, siyo wiki ya kumi baada ya mtihani mbaya.

Gumu la tatu haliko mikononi mwa mwanafunzi mmoja, na hapa ndipo ninapowaita wote. Madarasa haya yanapungua. Kwa takwimu za MLA, chama cha walimu wa lugha na fasihi, wanafunzi wa lugha zisizo Kiingereza katika vyuo vya Marekani walipungua kwa asilimia 16.6 kati ya mwaka 2016 na 2021, na Kihispania, kilicho kikubwa kuliko zote, hakikusalimika. Chuo cha jamii kikiona watu saba wamejiandikisha 2312 ya jioni, kinaifuta. Aliyefika hatua hiyo kwa jasho anaambiwa asubiri muhula mwingine, au aende kampasi ya upande wa pili wa jiji, mabasi mawili na mwendo wa miguu. Wengi huishia hapo, na krediti zao 11 zinabaki zinaning'inia.

Dawa yake ni kwenda kwa makundi. Makanisa yetu, misikiti yetu na vyama vyetu vya Wakongomani, Warundi, Watanzania na Wakenya vina orodha za watu kwa kila kitu: harusi, misiba, michango ya kusafirisha mwili nyumbani. Kuwe na orodha moja zaidi, ya vijana wanaoanza 1411 muhula huu. Watatu au wanne wajiandikishe darasa moja, saa moja, kampasi moja. Watapeana lifti. Aliyekesha kazini ataazimwa daftari. Watasemezana Kihispania kibaya njiani bila kuonana haya, na 2312 itakapofika, watu wanne wa uhakika wanaweza kuwa ndio waliolinusuru darasa. Na likifutwa hata hivyo, andikeni barua pamoja kwa mkuu wa idara. Bodi za vyuo vya jamii vya Texas huchaguliwa kwa kura, vikao vyake viko wazi, na mwananchi anaruhusiwa kujiandikisha kusema. Ni mara chache sauti zetu kusikika pale. Zisikike.

Wazazi wenye watoto wa sekondari, watoto wenu wanaweza kuanza hata kabla ya chuo. Sekondari nyingi za Texas zina masomo yanayohesabiwa pande zote mbili, sekondari na chuo. Sheria ile ya 2023 iliweka mpango uitwao FAST, unaomwezesha mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo, aliyestahili chakula cha shuleni cha bure au cha bei nafuu, kuchukua masomo hayo bila malipo katika vyuo vinavyoshiriki. Muulize mshauri wa shule kama SPAN 1411 imo. Familia zetu nyingi zinastahili, ila fomu hukaa kwenye begi la mtoto mpaka siku zipite.

Na mpeni mtoto saa moja ya kimya. Msichana wa kwanza katika nyumba zetu ndiye mkalimani wa mama, mlezi wa wadogo, msomaji wa barua za umeme na bima. Akisema ana zoezi la kusikiliza la dakika arobaini, kaka zake waoshe vyombo. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilio nao.

Nanyi mliokwisha kuhama, mlio Chuo Kikuu cha Houston, Denton, Arlington au kwingineko, msituache. Mnajua krediti ipi ilipokelewa na ipi ilikataliwa. Kaeni na wadogo zenu jioni moja, mfungue transkripti yenu mbele yao, mstari kwa mstari. Waelezeni pia ukweli kwamba masomo manne hayamfanyi mtu kuwa mkalimani. Mtu wa 2312 asikubali kutafsiri maneno ya daktari kwa mgonjwa kana kwamba ni fundi. Anayeipenda lugha aendelee nayo chuo kikuu. Kanuni za Texas zinaitaka wilaya ya shule iendeshe mpango wa lugha mbili pale inapokuwa na watoto 20 wa darasa moja wenye lugha moja wanaojifunza Kiingereza, na walimu wa mpango huo wa Kihispania hupitia mtihani wa lugha uitwao BTLPT. Mtoto wa Uvira aliyefundishwa akiwa mgeni, akasimama mbele ya watoto wageni na kuwafundisha kwa lugha yao: kazi hiyo ipo, ina mshahara na bima, na njia yake inaanzia namba 1411.

Jumapili hii, ibada ikiisha, au Ijumaa baada ya swala, mtu mmoja katika kila jumuiya afungue simu yake kwenye ratiba ya chuo cha jamii cha hapo mlipo. Atafute SPAN 1411 ya jioni au ya Jumamosi, aandike kampasi, siku na saa kwenye karatasi, aibandike mlangoni pale pa matangazo ya misiba na harusi. Chini aache mistari minne ya majina. Kisha asimame karibu na karatasi hiyo akiwa na kalamu.